Bastola ya Dola Nne na Nusu

Hebu tuanzie dukani. Ni mwanzoni mwa Septemba 1901, mji wa Buffalo, jimbo la New York. Kijana wa miaka 28, aliyewahi kuwa kibarua kwenye kiwanda cha waya huko Cleveland, anaingia kwenye duka la vifaa vya chuma. Ni duka la kawaida kabisa, la aina ile ambayo wewe ungeenda kununua misumari, kitasa na bawaba za mlango. Anataka bastola. Hakuna kibali anachotakiwa kuonyesha. Analipa dola 4.50 na kuondoka na rivolva ndogo ya Iver Johnson, ya kipimo cha .32, ambayo unaweza kuifunika kwa kiganja.

Tarehe 6 mwezi huohuo akajipanga kwenye foleni ya wananchi waliokuja kumpa mkono Rais William McKinley kwenye maonyesho makubwa ya Buffalo. Mkono wa kulia aliuzungushia leso, ungedhani ameumia. Zamu yake ilipofika alifyatua risasi mbili kupitia ileile leso. Mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, Mmarekani mweusi aitwaye James Parker, ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kumrukia na kumwangusha. Rais alifariki tarehe 14.

Jina la muuaji, Leon Czolgosz, utalikuta kwenye kitabu chochote cha historia ya Marekani. Bastola yake kwa kawaida hupewa nusu sentensi tu. Mimi leo nataka tukae na hiyo nusu sentensi. Dola 4.50 wakati ule ilikuwa kama ujira wa siku tatu wa kibarua asiye na ujuzi. Ilikuwaje chombo chenye vipande vidogo vingi namna ile, vinavyotakiwa kukaa sawa kwa unywele, kiuzwe kwa pesa ya siku tatu? Na kingine: kwa nini tangu hapo Wamarekani wamegombania bastola ndogo ya bei chee kuliko hata mizinga?

Niseme mapema, mimi sina bastola na sijawahi kuishika, kwa hiyo usitegemee ushauri wa ununuzi hapa. Niliingia kwenye mada hii kwa bahati. Nilipokuwa naandika tasnifu ya uzamili nilikuwa natafuta habari za viwanda vya baiskeli, na jina la Iver Johnson likawa linanifuata kila ukurasa. Kiwanda kilekile kilichotengeneza bastola ya Czolgosz kilitengeneza pia baiskeli alizowahi kuendesha Marshall Taylor, bingwa wa dunia wa mwaka 1899 na mmoja wa wanamichezo weusi wa kwanza kabisa kufika kilele hicho. Mashine zilezile, mafundi walewale. Nikaacha baiskeli kwa muda.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila kuelewa hiki chombo hutaelewa bei yake.

Kabla ya rivolva, bastola ilikuwa gobori dogo: unamimina baruti, unashindilia risasi, unapiga mara moja, kisha unaanza upya huku adui anakungoja kwa adabu. Samuel Colt alipata hataza yake Marekani tarehe 25 Februari 1836. Wazo lake ukilitazama leo ni rahisi: silinda yenye matundu kadhaa nyuma ya mtutu mmoja, na ukivuta nyundo ya bastola nyuma, silinda inazunguka tundu moja na kujifunga sawasawa na mtutu. Kampuni yake ya kwanza, huko Paterson, New Jersey, ilianguka mwaka 1842. Alifufuka baadaye, na bastola yake ya mfukoni ya mwaka 1849 ikauzwa kwa mamia ya maelfu.

Lakini hata hiyo bado ilikuwa inajazwa kwa mbele. Kila tundu la silinda lilitakiwa baruti yake, risasi yake na fataki yake ndogo nyuma. Mvua ikinyesha, una kipande cha chuma. Mfukoni ilikuwa nzito, na kuijaza ilikuwa kazi ya mezani, si ya njiani.

Aliyefungua njia ni mtu ambaye wengi hawamjui: Rollin White, fundi aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha Colt. Tarehe 3 Aprili 1855 alipata hataza ambayo ndani yake, katikati ya mambo mengine yasiyofanya kazi vizuri, kulikuwa na jambo moja la dhahabu: silinda iliyotobolewa kutoka mbele hadi nyuma. Tundu lililopita moja kwa moja. Basi, ni hilo tu. Tundu likipita moja kwa moja, unaweza kuingiza kwa nyuma risasi iliyokamilika ndani ya ganda lake la shaba, baruti na kiwashio humohumo. Hakuna kushindilia na hakuna fataki za kudondoka.

Horace Smith na Daniel Wesson walikuwa na risasi ya ganda lakini hawakuwa na haki ya kutoboa silinda. Mwaka 1856 wakakubaliana na White: watamlipa mrabaha wa senti 25 kwa kila bastola. Kulikuwa na kifungu kingine ambacho laiti White angekisoma mara mbili. Gharama za kuitetea hataza mahakamani zilikuwa juu yake. Mwaka 1857 Smith & Wesson wakatoa rivolva yao ya kwanza, ndogo kama kichezeo, risasi saba za .22. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, askari waliitaka kwenye mifuko yao, waigaji wakajitokeza kila kona, na White akawa mtu wa kushinda mahakamani. Alishinda kesi, lakini sehemu kubwa ya mrabaha ikaishia kwa mawakili. Hataza ilipokwisha mwaka 1869 aliomba iongezwe. Bunge lilimkubalia, Rais Ulysses Grant akaikataa kwa kura ya turufu Januari 1870, kwa hoja kwamba hataza hiyo ilikuwa imeisumbua serikali wakati wa vita.

Kwa hiyo tarehe 3 Aprili 1869 ndiyo siku muhimu kwenye hadithi yetu. Kesho yake mtu yeyote mwenye karakana angeweza kutoboa silinda bila kumlipa mtu.

Na walitoboa kweli. Miaka ya 1870 na 1880, hasa katika miji ya viwanda ya kaskazini mashariki kama Worcester na Norwich, zilimwagika rivolva ndogo zisizo na idadi. Nyingi hazikuwa hata na jina la aliyezitengeneza. Zilipigwa muhuri wa majina ya kutisha au ya kuchekesha kama Mlinzi, Malaika wa Kinamasi, Koti Jekundu au Kitisho cha Wazururaji. Unafuu wa bei ulitoka wapi? Fremu yake ilikuwa ya chuma cha kusubu: unamimina kwenye kalibu badala ya kuchonga, na chuma cha namna hiyo ni rahisi kuvunjika. Vipande vya ndani vilikuwa vichache kadiri iwezekanavyo. Kifyatulio kilichomoza kama kipele, bila hata ule mzunguko wa chuma wa kukikinga. Ili kubadilisha risasi unachomoa pini, unatoa silinda nzima, unasukuma maganda yaliyotumika kwa pini hiyohiyo. Ukiidondosha pini gizani, umekwisha. Ziliuzwa kwa dola moja, mbili hivi.

Wakusanyaji wa karne ya 20 walizipachika jina la utani, bastola za kujiua, kwa maana kwamba zilifaa kutumika mara moja tu. Ulikuwa mzaha. Tutaurudia baadaye.

Tatizo kubwa la bastola hizi lilikuwa ndani ya mfuko wenyewe. Katika rivolva za zamani, nyundo ikiwa imeshuka, ncha yake hukaa juu ya kiwashio cha risasi. Ikidondoka sakafuni au ikigongwa na meza, inalia. Ndiyo maana watu wenye busara waliacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Umenunua risasi tano, unatembea na nne.

Hapa ndipo kiwanda cha Iver Johnson kilipotuachia kitu ambacho mpenzi yeyote wa uhandisi atakifurahia. Johnson mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Norway, alianza biashara Worcester mwaka 1871 na mwenzake Martin Bye, na baadaye wakahamia Fitchburg. Katika miaka ya 1890 bastola zao zilipata kipande kidogo cha chuma kilichosimama kati ya nyundo na pini ya kugonga risasi. Kwa kawaida kipande hicho kiko chini, na nyundo inaegemea fremu, haigusi pini. Ni pale tu kidole kinapovuta kifyatulio mpaka mwisho ndipo kipande kinapanda, kinajaza lile pengo, na pigo la nyundo linapita ndani yake kwenda kwenye pini. Ukiachia, kinashuka. Kwa maneno mengine, bastola haikuwa imefungwa kwa kitasa. Ilikuwa imekatwa daraja, na daraja lilijengwa upya kila mara na kidole cha mtumiaji. Unaweza kuigonga nyundo kwa nyundo halisi na isilie, na matangazo yao yalimwambia mteja afanye hivyohivyo. Wazo hilo bado limo ndani ya rivolva zinazotengenezwa leo.

Tangazo lao jingine, la mwaka 1904, lina picha ya mtoto wa kike kitandani na bastola, akisema kwamba baba amemwambia haiwezi kuwadhuru. Nimelitazama mara nyingi na bado halijanikalia vizuri. Wahandisi walitatua tatizo la bastola kudondoka. Watu wa matangazo wakauza suluhisho hilo kana kwamba tatizo la bastola limekwisha.

Basi hiyo ndiyo bastola ya Czolgosz: si takataka ya dola moja, bali hatua moja juu yake, chombo chema cha mtu wa kipato cha chini. Ziliuzwa kwenye maduka ya chuma na ya baiskeli, na kwa njia ya posta. Waendesha baiskeli waliogopa mbwa, na huko Ufaransa palikuwa na rivolva ndogo zilizoitwa kabisa Velo-Dog, yaani za mwenye baiskeli dhidi ya mbwa. Na si Marekani tu walioua rais kwa bastola ya mfukoni iliyobuniwa kwao. Miaka ishirini kabla ya McKinley, tarehe 2 Julai 1881, Charles Guiteau alimpiga Rais James Garfield kwenye stesheni ya reli mjini Washington kwa bastola ya mtindo wa British Bull Dog, fupi na nene, ambayo Webley wa Birmingham waliianzisha mwaka 1872 na Wabelgiji wakaiiga kwa wingi. Garfield aliteseka wiki kumi na moja akafa Septemba, na madaktari waliotafuta risasi kwa vidole visivyooshwa walichangia sana. Hiyo nayo ni makala ya siku nyingine.

Mpaka hapa unaweza kusema: hadithi imeeleweka, bastola ya bei chee ni chombo cha wauaji, ingepigwa marufuku mapema. Sasa njoo kusini.

Baada ya vita, mwaka 1865, Mississippi ilipitisha sheria iliyotaja watu waliotoka utumwani waziwazi: hawaruhusiwi kumiliki bunduki bila kibali cha bodi ya kaunti. Mwaka 1868 yakaja Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, na tangu hapo sheria ya silaha kama hiyo isingeweza kutaja rangi ya mtu. Lakini ingeweza kutaja aina ya bastola. Mwaka 1879 Tennessee ilipiga marufuku kuuza bastola yoyote isipokuwa zile kubwa za aina iliyotumiwa na jeshi la nchi kavu na la majini. Arkansas ikafuata mwaka 1881. Soma tena taratibu. Bastola kubwa ya kijeshi ruksa, ndogo ya mfukoni marufuku. Kwa msomi wa leo inaonekana kichekesho, maana iliyo kubwa ndiyo inayoua zaidi. Lakini hesabu ya bei ni nyingine. Bastola za kijeshi zilikuwa ghali, na wazungu wengi waliopigana vitani walikuwa nazo tayari nyumbani. Mkulima mweusi aliyelima shamba la mwenye ardhi kwa kugawana mavuno hakuwa na uwezo wa kuinunua. Kile alichoweza kukinunua ndicho kilichotolewa dukani.

Kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu wanahistoria wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema lengo lilikuwa kupunguza mauaji ya vilabuni na ya mabishano ya barabarani, ambayo kweli yalikuwa mengi, na wazungu waliokamatwa nao hawakukosekana. Naikubali hoja hiyo nusu. Sheria moja inaweza kuwa na nia mbili, na polisi huchagua nia ya kuitekeleza. Kwa Florida hatuna haja hata ya kubahatisha. Mwaka 1941 Jaji Rivers Buford wa Mahakama Kuu ya jimbo hilo, akiandika maoni yake kwenye kesi ya mtu aliyekutwa na bastola ndani ya gari, alieleza wazi kuwa sheria ya vibali ya mwaka 1893 ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua weusi waliokuja kwenye kambi za mbao na utomvu wa misonobari, kwamba haikukusudiwa kuwagusa wazungu, na kwamba kiutendaji haikuwahi kuwagusa. Jaji, kwa mkono wake, ndani ya hukumu.

Turudi Tennessee, mjini Memphis. Machi 1892 watu watatu weusi waliokuwa na hisa au kazi katika duka moja la vyakula, duka lililokuwa linamnyang'anya wateja mwenye duka mzungu wa jirani, walitolewa jela usiku na kundi la wazungu wakapigwa risasi mpaka kufa. Mmoja wao, Thomas Moss, alikuwa mpeleka barua, na alikuwa rafiki wa karibu wa mhariri wa gazeti la mji huo, Ida B. Wells. Wells alikuwa hajafikisha miaka thelathini, umri wangu kasoro kidogo. Katika kumbukumbu za maisha yake ameandika kwamba baada ya mauaji yale jambo la kwanza alilofanya ni kununua bastola, akitarajia kulipiziwa, na kwamba aliona ni afadhali afe akipambana. Akaanza kuchunguza na kuchapisha kwamba sababu zinazotolewa za mauaji ya namna hiyo nyingi ni za uongo. Mwezi Mei, akiwa safarini kaskazini, kundi la watu likavunja ofisi ya gazeti lake na kumtishia kifo akirudi. Hakurudi kuishi Memphis tena. Mwaka huohuo aliandika kwamba bunduki aina ya Winchester inastahili kuwekwa mahali pa heshima katika kila nyumba ya mtu mweusi, kwa sababu sheria haimlindi.

Hapa ndipo mimi nilipokwama wiki nzima nikiandika. Bastola ya mfukoni ya Czolgosz ilimwua rais. Bastola ya Wells haikumwua mtu yeyote. Sheria itakayoizuia moja itaizuia na nyingine, na anayeandika sheria ni mara chache sana awe mtu wa aina ya Wells.

New York nao walichukua njia yao mwaka 1911. Seneta wa jimbo Timothy Sullivan, mzee wa mjini wa chama, mwenye marafiki kwenye makanisa na kwenye madanguro pia, alipitisha sheria iliyomtaka kila mwenye silaha ya kuweza kufichwa awe na kibali. Kibali kilitegemea busara ya anayekitoa. Miongoni mwa wa kwanza kufungwa alikuwa Mwitaliano aliyekuwa njiani kwenda kazini, akapewa mwaka mmoja katika gereza la Sing Sing. Kipindi hicho magazeti yalikuwa yamejaa hofu ya wahamiaji kutoka Italia, kwa hiyo usishangae.

Wakati huohuo bastola fupi ilikuwa inapata heshima upande wa pili wa sheria. Colt walitoa Detective Special mwaka 1927, mtutu wa inchi mbili, risasi sita za .38, na Smith & Wesson wakaleta Chiefs Special mwaka 1950, ndogo zaidi, risasi tano, jina likitokana na mkutano wa wakuu wa polisi ilikoonyeshwa. Ukiangalia filamu za zamani za wapelelezi, ndiyo ile inayotoka chini ya koti. Ukubwa uleule, kazi ileile ya kufichwa, ila bei ilikuwa ya watu wenye mshahara, na hakuna aliyeipa jina la dharau. Mwaka 1927 pia Bunge lilizuia posta kusafirisha bastola, lakini likasahau, au likajifanya kusahau, kampuni binafsi za mizigo. Biashara ikaendelea kwa miaka arobaini mingine.

Kilichoifunga ni mwaka 1968. Aprili aliuawa Martin Luther King kwa bunduki. Usiku wa manane wa Juni 5, Los Angeles, Robert Kennedy alipigwa kwa rivolva ya .22 yenye risasi nane. Mtengenezaji? Iver Johnson. Oktoba sheria ya shirikisho ikapita: mauzo ya bunduki kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo yakaisha kwa watu wa kawaida, na bastola za kutoka nje zisizofaa kwa michezo zikazuiwa. Lengo la kifungu hicho cha mwisho lilikuwa rivolva ndogo za bei chee, nyingi kutoka Ujerumani, ambazo magazeti yalikuwa yameanza kuziita bastola za Jumamosi usiku. Jumamosi usiku ya nani? Ya mitaa ya watu weusi mijini, na kila msomaji alijua. Mwandishi Robert Sherrill, ambaye hakuwa mpenzi wa bunduki hata kidogo, aliandika mwaka 1973 kwamba sheria ile ilipitishwa kuwadhibiti watu weusi, si bunduki.

Pia haikufanya kazi vizuri. Ilizuia bastola kamili ila haikuzuia vipuri. Kampuni ya Kijerumani ya Röhm ikapata mshirika Miami, R.G. Industries, vipuri vikawa vinaingia kwa meli na kuunganishwa Florida. Oktoba 1980 kijana John Hinckley alinunua rivolva aina ya RG-14 kwenye duka la rehani mjini Dallas kwa dola 47. Machi 30, 1981 alifyatua risasi sita ndani ya sekunde mbili hivi nje ya hoteli mjini Washington. Rais Reagan alipigwa na risasi iliyodunda kwenye gari. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani na akaishi na ulemavu hadi 2014.

Katika miaka hiyo majimbo machache yalijaribu njia ambayo sisi watu wa sayansi tunapaswa kuipenda, au kuicheka. Ukitaka kupiga marufuku bastola mbovu, utaitambuaje kisheria? Bei hubadilika, ukubwa ni suala la maoni. Wakaja na kiwango cha kuyeyuka. Bastola za bei ya chini hutengenezwa kwa aloi ya zinki, inayomiminwa kwenye kalibu kwa urahisi kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi 380 hadi 390 hivi za Selsiasi. Chuma cha pua na chuma cha kawaida huhitaji zaidi ya 1,300. Illinois na Carolina Kusini wakaandika kuwa fremu inayoyeyuka chini ya nyuzi 800 za Farenhaiti, yaani kama 427 za Selsiasi, haiuzwi. Ni sheria safi, unaweza kuipima maabara. Lakini fikiria inapima nini. Haipimi kama bastola itamlipukia mwenyewe mkononi, wala kama ina kile kipande cha usalama cha Iver Johnson. Inapima bei, kwa kutumia kipimajoto.

Maryland walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1985, katika kesi ya Kelley dhidi ya R.G. Industries, karani wa duka la vyakula aliyepigwa risasi na mwizi alishinda hoja kwamba mtengenezaji wa bastola za aina hiyo anaweza kuwajibika kwa uhalifu unaofanywa nazo, kwa vile kazi yake inayotarajiwa ni uhalifu. Bunge la jimbo likaifuta hoja hiyo mwaka 1988, na badala yake likaunda bodi ya kuorodhesha bastola zinazoruhusiwa kuuzwa. Hoja ya mahakama ilinivutia na kuniudhi kwa pamoja. Karani yule alikuwa mtu wa kipato kidogo, na pengine mnunuzi halali wa bastola ileile angekuwa karani wa duka la jirani, anayefunga saa tano usiku na pesa za mauzo.

Niliahidi kuurudia ule mzaha wa bastola za kujiua. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walichapisha utafiti uliofuatilia mamilioni ya watu wazima wa California. Wanaume waliomiliki bastola walikuwa na uwezekano takriban mara 8 zaidi wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wasiomiliki, na wanawake mara 35. Hatari ilikuwa juu kabisa katika mwezi wa kwanza baada ya kununua. Na zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini Marekani ni vya kujiua, si vya wezi wala vya marais. Wells alikuwa na sababu ya kuogopa waliokuwa nje ya mlango wake, na sitamhukumu mtu aliye katika hali kama ile. Ila kwa wanunuzi wengi zaidi, kipande cha chuma kinachopanda kidole kinapovuta hakina jinsi ya kujua kidole kile ni cha nani, wala kimevuta kwa sababu gani.

Sheria ya Sullivan yenyewe ilidumu karne nzima. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa lile sharti la kumtaka mwombaji athibitishe ana sababu ya pekee ya kubeba bastola. Miongoni mwa waliowaunga mkono walalamikaji walikuwamo mawakili weusi wanaowatetea maskini wa New York mahakamani, watu ambao kwa kawaida hawakai benchi moja na washabiki wa bunduki. Walisema wateja wao wanaofungwa kwa sheria ile, mwaka hadi mwaka, karibu wote ni weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Walioipinga rufaa nao walikuwa na makaburi yao ya kuonyesha.

Kuhusu zile bastola mbili za marais. Inasimuliwa kwamba Guiteau, alipokuwa dukani mwaka 1881, alipendelea ile yenye mpini wa pembe za ndovu badala ya wa mti, kwa sababu alitaka ipendeze itakapowekwa makumbusho. Pembe nyingi zilizoingia Marekani miaka ile zilipitia Zanzibar, kwa hiyo huenda kulikuwa na kitu cha kwetu kwenye ndoto yake hiyo ya ajabu. Bastola ilifika kweli makumbusho ya Smithsonian, ikapigwa picha, kisha ikapotea. Haijaonekana hadi leo. Ile ya Czolgosz, ya dola nne na nusu, ipo makumbusho ya historia ya Buffalo.